Kangura: miezi 47 ya gazeti, miezi 3 ya mahakama

Tarehe 28 Juni 2018 mtu mwenye bunduki aliingia katika ofisi ya gazeti la Capital Gazette, Annapolis, Marekani, akaua watu 5. Tarehe 7 Januari 2015 ndugu wawili waliua watu 12 walipovamia jarida la Charlie Hebdo, Paris. Matukio hayo mawili ni rahisi kuyahesabu: ofisi moja, dakika chache, wauaji wanaojulikana.

Rwanda ya 1994 haihesabiki hivyo. Idadi inayotajwa mara nyingi ya waandishi wa habari waliouawa ni 50 hivi. Kwa siku 100 za mauaji ya kimbari, huo ni wastani wa mmoja kila siku mbili. Mara 10 ya Annapolis, mara 4 ya Paris. Ila ulinganisho huu una kasoro. Wale 12 wa Paris ni kila aliyekufa pale, wakiwemo polisi wawili. Wale 50 wa Rwanda wamechujwa kwa kazi yao, na aliyeuawa kwa alichoandika yumo pamoja na aliyeuawa kwa kuwa Mtutsi tu.

Jumla ya waliouawa wote katika mauaji hayo nayo ina mjadala. Katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyoko Gisozi, Kigali, wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Kwa makadirio ya watu 800,000, hao ni asilimia 31 ya waliouawa. Kwa sensa ya serikali ya Rwanda iliyopata 1,074,017, ni asilimia 23. Kabla ya kusema nani amekosea, tazama tarehe: makadirio ya kwanza yanahusu siku 100 za 1994, sensa inaanzia 1 Oktoba 1990.

Tarehe hizo zina uzito pia kwa mhariri mmoja. Mei 1990 Hassan Ngeze alianzisha gazeti la Kangura, jina lililoigwa kutoka gazeti lililolitangulia, Kanguka. Kwa Kiswahili, Kanguka ni "amka" na Kangura ni "amsha"; zinatofautiana kwa herufi moja. Vincent Rwabukwisi, mhariri wa Kanguka, aliuawa Aprili 1994. Ngeze alikamatwa Kenya Julai 1997.

Alishtakiwa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda (hapa: Mahakama ya Arusha). Desemba 1990 toleo namba 6 la Kangura lilikuwa limechapisha "Amri Kumi za Wahutu", andiko la chuki linalonukuliwa kuliko yote ya gazeti hilo. Lakini Mahakama ya Arusha ilipewa mamlaka juu ya mwaka 1994 peke yake, na majaji wa rufaa walishikilia mpaka huo. Tangu Mei 1990 hadi Machi 1994, mauaji yalipokaribia, ni miezi 47. Inayoangukia ndani ya mamlaka hayo ni 3, yaani asilimia 6.

Adhabu nayo ilibadilika. Desemba 2003 Ngeze alipewa kifungo cha maisha; Novemba 2007 rufaa ilikipunguza kuwa miaka 35. Kuanzia siku ya kukamatwa, miaka hiyo inaisha Julai 2032. Yote si ya gazeti: sehemu yake ni ya vitendo vyake mkoani Gisenyi. Na miaka ya kwenye hukumu si lazima iwe ya gerezani. Ferdinand Nahimana wa redio ya RTLM, aliyehukumiwa katika kesi hiyohiyo, alibaki na miaka 30 baada ya rufaa, akaachiwa 2016 akiwa ametumikia takriban 20.

Gharama je? Kiasi kinachotajwa mara kwa mara kwa Mahakama ya Arusha ni dola bilioni 2. Ilishtaki watu 93 na kuwahukumu 62, hivyo kila aliyehukumiwa aligharimu dola milioni 32. Gacaca, mahakama za vijijini za Rwanda, zilimaliza kesi zipatazo milioni 1.96 kwa takriban faranga bilioni 30: kama faranga 15,000 kwa kesi. Usikimbilie kusema Arusha ilikuwa ghali. Majaji wa gacaca hawakulipwa mshahara, na siku walizoacha mashamba yao hazimo katika bilioni 30. Arusha nayo ilibeba mawakili, wakalimani na ulinzi wa mashahidi kutoka nchi nyingi.

Basi miaka 35 isisomwe kama bei ya Kangura. Inapima kile ambacho mahakama iliruhusiwa kukihesabu. Miezi 44 ya kwanza ya gazeti hilo ilibaki nje, na Amri Kumi, katika hukumu ya mwisho, hazikumwongezea mhariri wake hata siku moja ya kifungo.