Damu Ina Askari Wake, Basi ya Nini Chanjo?



Juzi katika mkutano wa kikundi cha akina mama nilikuwa nikieleza ratiba ya chanjo. Nyanya mmoja, mjukuu mgongoni, akainua mkono. "Binti yangu," akasema, "mlituambia damu ina askari wake. Kama ni hivyo, ya nini kumdunga mtoto sindano?" Wengine walicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Siku hiyo nilimjibu kwa kifupi. Leo nataka tulijibu pamoja, maana linahusu uhai wa watoto wetu.

ASKARI TUSIOWATAJA

Ni kweli, damu ina askari. Tunazijua chembe nyeupe, zile zinazokula vijidudu. Tunazijua pia antibodi, ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na kijidudu fulani au baada ya chanjo. Lakini kuna kundi la tatu ambalo hatulitaji sana. Wataalamu huliita komplementi. Ni protini zaidi ya 30. Nyingi hutengenezwa na ini, kisha huzunguka katika damu mchana na usiku zikiwa kama zimelala, zikingoja kuamshwa.

Miaka ya 1890, daktari Mbelgiji Jules Bordet alikuwa akifanya utafiti mjini Paris. Alichukua majimaji ya damu ya mnyama mwenye kinga dhidi ya kipindupindu, akaona yanaua vijidudu vya ugonjwa huo. Alipoyapasha moto kufikia nyuzi 55 hivi, yakaacha kuua. Akaongeza majimaji mabichi kidogo kutoka kwa mnyama asiye na kinga hiyo, na nguvu ikarudi! Basi kazi ilihitaji vitu viwili: antibodi, ambazo zilistahimili ule moto, na kitu kingine ambacho moto uliharibu. Baadaye Paul Ehrlich wa Ujerumani alikiita komplementi, yaani kinachokamilisha. Bordet alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

NDURU KIJIJINI

Fikiria mwizi ameingia kijijini usiku. Mmoja anapiga nduru, jirani anaitikia, na punde si punde kijiji kizima kiko nje. Komplementi hufanya vivyo hivyo. Protini moja ikiamka huamsha nyingine nyingi, nazo huamsha nyingine.

Nduru hiyo huanza kwa njia tatu. Kwanza, antibodi ikishamshika kijidudu. Pili, protini fulani ikitambua sukari zilizo kwenye ngozi ya kijidudu. Tatu, protini chache huamka zenyewe kila wakati, kama askari wa doria. Zikigusa seli za mwili wetu huzimwa, zikigusa kijidudu huendelea. Njia zote hukutana kwenye protini moja iitwayo C3. Kutoka hapo kazi ni tatu:

1. Kupiga chapa. Vipande vya C3 humganda kijidudu kama chapa ya ng'ombe, na chembe nyeupe zikiiona chapa hiyo humla.

2. Kuita msaada. Vipande vingine hupanua mishipa midogo ya damu na kuita chembe nyeupe. Hii ni sababu moja ya kidonda kuvimba na kuwa na joto.

3. Kutoboa. Protini za mwisho hujipanga kama pete na kutoboa ngozi ya kijidudu. Maji huingia, naye hupasuka.

Hakuna protini hata moja inayoyaweza haya peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MBONA BASI TUNAUGUA?

Kwa sababu adui naye ni mjanja. Bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo huvaa koti la ute, na komplementi hupata taabu kuwashika. Tena yule wa nimonia ana ukuta mnene usiotoboka kwa ile pete, kwa hivyo lazima apigwe chapa aliwe. Antibodi za chanjo hushika lile koti lenyewe, halafu huiita komplementi.

Hapo ndipo lilipo jibu la nyanya yetu. Chanjo haichukui nafasi ya askari wa damu. Huwaonyesha adui yuko wapi. Ndiyo sababu Kenya ilianza chanjo ya Hib mwaka 2001 na ya nimonia mwaka 2011, zikitolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto mchanga ana komplementi kidogo kuliko mtu mzima. Antibodi za mama humfikia akiwa tumboni, lakini komplementi ya mama haivuki.

Wako pia wachache wanaozaliwa bila zile protini za kutoboa. Hao huweza kupata homa ya uti wa mgongo zaidi ya mara moja. Ikiwa mtu kwenu ameipata mara mbili, mwambie daktari, usinyamaze.

CHAKULA NA BREKI

Ini haliwezi kutengeneza protini bila chakula. Watoto wenye utapiamlo mkali hupatikana na C3 iliyopungua. Maharagwe, ndengu, omena, mayai na maziwa ni silaha pia.

Lakini tusidhani kwamba kinga ikizidi ndiyo bora. Kundi likikasirika laweza kumpiga asiye na hatia. Seli zetu zina protini za kuizuia komplementi, na breki hiyo ikikosekana, chembe nyekundu za damu huweza kupasuliwa na askari wetu wenyewe. Kwa hivyo mtu akikuuzia sokoni dawa ya "kuongeza kinga", jihadhari.

Na mtoto akiwa na homa kali, shingo ngumu, degedege, au akikataa kunyonya, mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo. Usingoje kuche.

Nyanya yule aliponisikiliza alisema neno moja tu: "Basi niambieni siku ya kliniki."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni watoto wangapi katika kikundi chetu hawajamaliza chanjo? Ni nini kimewazuia?
2. Tunaweza kupanda au kufuga nini ili watoto wapate protini mwaka mzima?
3. Mtoto akizidiwa usiku, nani ana gari au pikipiki ya kumfikisha hospitalini?