Injini ya ndege inaweza kuliwa na kutu kabla haijaruka hata mara moja

INGIA jikoni katika nyumba nyingi za Likoni, Kisauni au Changamwe na ufungue kikopo cha chumvi. Utakuta punje za mchele ndani. Bila huo mchele chumvi inashikana bonge, na msimu wa mvua inaanza kutoa maji yenyewe. Si uchawi. Chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na hapa kwetu kiwango hicho hupitwa karibu kila usiku.

Sasa chukua injini mpya ya ndege, vyuma vilivyosuguliwa ndani hadi vinang'aa kama kioo, uiache ikae miezi mitatu katika hewa hiyo hiyo ikingoja ndege yake. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi uko Changamwe, na mkono wa bahari wa Port Reitz hauko mbali. Kusi likivuma, vijichembe vya chumvi huja na upepo, vinatua juu ya chuma na kukaribisha maji. Mchana kuna joto, usiku chuma kinapoa, na ule unyevu ulioingia kupitia ekzosi unageuka jasho ndani ya silinda. Kutu haihitaji mwaliko mwingine.

Wengi hudhani injini ya zamani ndiyo ya kuhurumiwa. Kumbe ni kinyume. Lycoming, kampuni ya Marekani inayounda injini za ndege ndogo kama Cessna 172, imewaonya wateja wake kwamba katika sehemu zenye unyevu mwingi, kutu imepatikana kwenye kuta za silinda za injini mpya zilizokaa bila kazi siku mbili tu. Siku mbili! Injini iliyokwisha kufanya kazi saa 50 au zaidi kwa muda mfupi huwa imejijengea utando mwembamba wa oili iliyoungua, na utando huo unaikinga kiasi. Mpishi yeyote wa chapati anaelewa: chuma kipya kikiachwa na maji usiku mmoja asubuhi ni chekundu, lakini kile cha nyanya kilichonyweshwa mafuta miaka nenda miaka rudi hakina habari.

Sehemu inayoumia zaidi katika injini hizi ni kemishafti, ule mhimili wenye vinundu unaofungua na kufunga vali. Kwenye injini nyingi za Lycoming umekaa juu, kwa hivyo injini ikisimama, oili inateremka na kuuacha mkavu mapema. Kutu inachimba vishimo ambavyo macho hayavioni kirahisi. Siku injini inapowashwa, vishimo vile vinaanza kubanduka vipande na vumbi la chuma linazunguka na oili kote. Kubadilisha kemishafti kunamaanisha kuipasua injini nzima katikati. Hiyo si kazi ya mchana mmoja, na bili yake usiulize.

Kinga yenyewe, ukiitazama, haina maajabu. Ndani ya injini hutiwa oili maalumu ya kuhifadhia, nzito na yenye dawa za kuzuia kutu, na kila silinda hupulizwa oili hiyo kupitia tundu la plagi. Plagi zenyewe hutolewa, na mahali pake hufungwa vizibo vinavyoonyesha ndani, vilivyojaa punje za kunyonya unyevu, ndugu wa vile vifuko unavyovikuta kwenye sanduku la viatu vipya. Ndio ule mchele wa jikoni, ila huu unasema. Punje za aina iliyozoeleka zikiwa kavu ni za buluu, zikishiba maji zinageuka waridi. Ekzosi, mlango wa hewa na kila tundu jingine huzibwa kabisa.

Injini kubwa za jeti hufungwa kwenye mfuko mzito usiopitisha mvuke, wenye punje hizo ndani na kadi ya kupima unyevu inayosomwa bila kufungua mfuko. Kinachoshinda watu si kufunga, ni kurudi kuangalia. Kizibo kikigeuka waridi mwezi wa pili na hakuna aliyepita pale, mwezi wa tatu ni kama hakuna kizibo.

Kuna makosa mawili yanayofanywa kwa nia njema. La kwanza ni kuzungusha propela kwa mkono eti "injini isigande." Ukizungusha, pete za pistoni zinakwangua ile oili iliyopakwa ukutani na kuacha chuma uchi. Ndiyo maana propela hutundikiwa kibao cha kukataza kuigusa. La pili ni kuiwasha dakika tano kisha kuizima. Petroli ikiungua hutoa maji, karibu lita moja kwa kila lita, na injini ambayo haijapata moto sawasawa haiwezi kuyafukuza. Lycoming hutaka ndege iruke saa nzima, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 hivi za Selsiasi. Dakika tano za kunguruma pale chini ni kuinywesha maji tu.

Hasara ya injini si mchezo. Katikati ya mwaka 2025 Kenya Airways ilikuwa na ndege tatu za Dreamliner zilizoegeshwa, uhaba wa injini ukiwa miongoni mwa sababu. Hapo kutu haikuhusika, lakini unaona jinsi injini moja iliyo tayari inavyoamua kama ndege itaingiza pesa au itakaa juani. Na kabla ya hapo, Machi 2020, Kenya iliposimamisha safari za kimataifa za abiria kwa sababu ya korona, mafundi walilazimika kutunza ndege ambazo hakuna aliyejua zingeruka lini.

Kijana anayetengeneza injini za mashua Likoni tayari ana nusu ya elimu hii. Anajua kusafisha chumvi kwa maji baridi, anajua kutia oili tundu la plagi mashua inapopumzika. Nusu ya pili ni karatasi: kusoma mahali kama Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki, Embakasi, kisha kupata leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Bila leseni utashika spana, lakini hutatia sahihi. Mimi naona shule zetu hazilisemi hili vya kutosha, na ndege zinapita juu ya vichwa vya wanafunzi kila siku.

Siku ya kuiamsha injini, haraka ndiyo inayovunja. Vizibo vinatolewa, kisha propela inazungushwa taratibu, plagi za chini zikiwa wazi, ili oili iliyotuama imwagike. Ikibaki, hatari ni kubwa, kwa sababu oili haibanwi kama hewa. Pistoni ikipanda inakutana na ukuta na konrodi inapinda. Oili ya kuhifadhia inamwagwa, inatiwa ya kazi, plagi zinarudishwa, na yote yanaandikwa kitabuni kwa tarehe. Halafu filta ya kwanza ikitolewa, fundi anaikata na kuikunjua chini ya taa, anatafuta vumbi la chuma.