Saruji Isipotee Kwenye Mfinyanzi wa Kigoma

Saruji inayoletwa Kigoma kwa reli kutoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200, na nyingine huvushwa ziwa kwenda Bujumbura na Kalemie. Kila mfuko unashuka stesheni ukiwa na nauli mgongoni. Mkandarasi anayejenga juu ya mfinyanzi laini, kama ule wa bonde la Luiche karibu na Ujiji, hana budi kujua mapema udongo wake utakula saruji kiasi gani.

Tuchukue tabaka la barabara lenye unene wa sentimita 15, upana wa mita 7 na urefu wa kilomita moja. Kama mita ya ujazo ya udongo mkavu ulioshindiliwa ni tani 1.6, tabaka zima ni tani 1,680. Asilimia moja tu ya saruji ni mifuko 336 ya kilo 50. Kwa urefu kama wa barabara ya Malagarasi–Uvinza, kilomita 51.1, asilimia hiyo inafika mifuko 17,000 na ushei.

Kubahatisha, basi, ni hasara.

Maabara huchanganya udongo na saruji kwa viwango tofauti, hushindilia mchanganyiko kwenye kopo la chuma, huutunza na unyevu wake kwa siku 7, huuloweka, kisha huubana kwa mashine mpaka upasuke. Mwongozo wa barabara wa Tanzania wa mwaka 1999 unadai nguvu ya megapaskali 1 kwa tabaka lililoimarishwa la daraja la C1 na 2 kwa C2. Mfinyanzi wenye mnato mkali mara nyingi huanza kutibiwa kwa chokaa.

Kwa udongo uliolowa, kinachotabiri nguvu zaidi ni uwiano wa maji na saruji. Watafiti Miura, Horpibulsuk na Nagaraj walilionyesha hilo mwaka 2001. Maji yakiwa asilimia 60 ya uzito wa udongo mkavu na saruji asilimia 10, uwiano ni 6. Masika yakipandisha maji hadi 90, saruji lazima ifike 15 ili nguvu ibaki ileile. Penye mafunjo yaliyooza hesabu hiyo haitoshi, kwa kuwa mboji huizuia saruji kushika.

Halmashauri na wakandarasi wa Kigoma watenge fedha za mashimo ya majaribio kabla ya zabuni, na sampuli zichukuliwe masika, si kiangazi peke yake.