Miaka 18 Nchi Kavu, Miaka 21 Melini

Wapenzi wasikilizaji, juma hili nawaomba tupande meli. Si jahazi la kwenda Lamu wala boti ya Unguja, bali zile meli kubwa za watalii zinazoondoka Miami na bandari nyingine za Florida kuzunguka visiwa vya Karibi. Ni meli zenye ghorofa kumi na kitu, mabwawa ya kuogelea, na baa karibu kila pembe.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 19 aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam kumtembelea shangazi yake huko Marekani. Shangazi na mumewe wamemlipia tikiti ya siku saba. Kwao kijana huyu ni mtu mzima: anapiga kura, ana kitambulisho cha taifa, na sheria inamruhusu kununua bia. Jioni ya kwanza anakwenda baa, anaagiza, na mhudumu anamwambia kwa adabu kwamba atapata soda au juisi tu. Kijana anahamaki. Anasema, "Sasa tuko bahari kuu, hapa si Marekani. Na meli yenyewe inapeperusha bendera ya Bahamas!"

Je, kijana amekosea? Kwa sheria ya bahari, la. Kwa mambo yalivyo ndani ya meli, ndiyo, na kosa hilo laweza kumgharimu yeye, jamaa zake, na hata yule mhudumu.

Tuanze na bahari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi ya pwani eneo la maji lisilozidi maili 12 za baharini, yaani kama kilomita 22. Marekani haikuuridhia mkataba huo, lakini nayo ilitangaza maili 12 mwaka 1988. Meli ikishafika bahari kuu, iko chini ya sheria ya nchi yenye bendera inayopepea juu yake. Kampuni nyingi kubwa zenye makao Miami zimesajili meli zao Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Na umri wa kunywa Bahamas ni miaka 18.

Ujanja wa kutafuta kinywaji nje ya mpaka si mgeni kwa Wamarekani. Kati ya mwaka 1920 na 1933 pombe ilipigwa marufuku nchini mwao. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba marufuku hiyo inazihusu meli zote zilizomo katika maji ya Marekani, hata za kigeni, lakini haizifuati meli zilizo nje ya maji hayo. Basi watu wakawa wanapanda meli New York zisizokwenda popote. Wanavuka mpaka, wanakunywa, wanarudi.

Sasa hii miaka 21 imetoka wapi? Marufuku ilipoondolewa, kila jimbo lilijipangia. Mwaka 1971 umri wa kupiga kura ulipoteremshwa hadi miaka 18, majimbo mengi yaliteremsha na umri wa kunywa. Vijana wakafa barabarani, na akina mama waliofiwa wakaanza kupaza sauti. Chama chao, Mothers Against Drunk Driving, kiliundwa mwaka 1980. Julai 1984 Rais Ronald Reagan akatia saini sheria ya umri wa miaka 21. Sheria hiyo haikuyaamuru majimbo moja kwa moja. Ilisema tu kwamba jimbo litakalomruhusu aliye chini ya umri huo kununua pombe litakatwa sehemu ya fedha za barabara. South Dakota, iliyokuwa ikiwauzia bia hafifu vijana wa miaka 19, ilikwenda mahakamani na kushindwa mwaka 1987. Kufikia mwaka 1988 majimbo yote 50 yalikuwa yamekubali. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin, ingawa viko chini ya Marekani, vilibaki na miaka 18.

Kwa hiyo sheria hii ilizaliwa barabarani, kwa ajili ya magari. Melini hakuna gari wala barabara. Mbona basi kampuni zimeichukua?

Sababu ya kwanza ni bandari. Meli ikiwa gatini Miami, au ingali karibu na pwani, sheria za Florida zinaigusa. Kuwa na umri mmoja saa kumi jioni na mwingine saa tatu usiku ni kuwatafutia wahudumu balaa. Sababu ya pili ni kesi. Abiria wengi ni Wamarekani, na tikiti nyingi huandikwa kwamba mgogoro utaamuliwa Florida. Mahakama ya Juu iliukubali utaratibu huo mwaka 1991 katika kesi ya kampuni ya Carnival. Kijana akilewa akaanguka, wazazi wake hawatakwenda kushtaki Bahamas. Sababu ya tatu ni nyepesi kuliko zote: meli ni nyumba ya mtu. Sheria ya Bahamas inaruhusu kumuuzia kijana wa miaka 18, lakini haimlazimishi mwenye baa kuuza. Masharti yameandikwa kwenye tikiti, na ukishalipa umeyakubali.

Ushahidi kwamba huu ni uamuzi wa kampuni upo wazi. Royal Caribbean huweka miaka 21 kwa safari zinazoanzia Amerika ya Kaskazini, na miaka 18 kwa safari zinazoanzia Ulaya. Meli ni ileile, bendera ileile, mhudumu yuleyule. Kijana wetu akipanda Barcelona atapata bia. Akipanda Miami atapata soda.

Na wasidhani wenye kurefusha ndevu kwamba watapita. Siku ya kupanda, abiria huonyesha pasi, hupigwa picha, na tarehe yake ya kuzaliwa huingia kwenye kompyuta. Kisha hupewa kadi moja inayofungua mlango wa chumba, inayolipia vitu dukani na kununulia vinywaji. Mhudumu akiipitisha kadi kwenye mashine, umri unajulikana. Kwa kawaida umri unaohesabiwa ni wa siku safari inapoanza. Anayetimiza miaka 21 katikati ya safari inambidi aende ofisi ya huduma za abiria na kitambulisho chake ili kumbukumbu zirekebishwe.

Ndugu msikilizaji, hatari kubwa haiko baa. Iko kwenye meza ya jamaa. Sisi ni watu wa kugawana. Mjomba anaona mpwa wake ameketi na soda kama mtoto, anaona haya, anaagiza bia mbili kwa kadi yake, na moja anaisogeza upande wa pili wa meza. Kwa mjomba huo ni ukarimu. Kwa meli ni kosa, na mkosaji wa kwanza ni mjomba. Kampuni zina haki ya kumzuia asiuziwe tena kileo, na hata kuwateremsha wote wawili katika bandari inayofuata, nauli ya kurudi juu yao. Hebu fikiria kuteremshwa na pasi ya kwetu katika nchi usiyo na viza yake.

Yupo na mtu wa tatu, ambaye hatumkumbuki. Huyu mhudumu ameiacha familia yake kwa miezi kadhaa, na mshahara wake unasomesha watoto. Vijana wa Kenya nao wamo katika kazi hizo. Akimuuzia asiyestahili, au akifumba macho, mkataba wake waweza kukatwa. Kijana atakayemsihi, "Bwana, bia moja tu, wewe ni ndugu yangu," anamwomba ndugu yake aweke kibarua rehani kwa ajili ya bilauri moja.

Meli ikitia nanga Nassau au Cozumel, ambako sheria ni miaka 18, kijana anaweza kunywa huko nchi kavu bila kuvunja sheria. Lakini akirudi melini yu tena chini ya masharti ya meli, na akirudi amelewa atajibu. Wala asinunue chupa ya zawadi, kwa maana forodha ya Marekani haimruhusu aliye chini ya miaka 21 kuingiza pombe.

Mtu anaweza kusema kwamba si haki: kijana wa Kimarekani wa miaka 19 anaweza kwenda vitani lakini hapati glasi ya mvinyo. Hoja hiyo ina uzito, na Wamarekani wenyewe wanaijadili. Lakini mahali pa kuijadili ni bungeni kwao, si mbele ya mtu aliyeshika trei. Wazee walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wewe unayemwalika kijana safarini, mweleze mambo haya kabla hamjalipa, msome masharti pamoja. Kunyimwa bia kwa siku saba hakujamuua mtu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.