WALINZI WA MWILI NA VIRUSI VYA TUMBILI



Katika mashamba yetu ya mahindi, Handeni na Korogwe, tumbili ni wezi tunaowajua. Tumbili wengi wana virusi vinavyofanana na virusi vya UKIMWI. Mbona hatuugui?

Mwilini mna walinzi. Walinzi hao ni protini. Mmoja huharibu virusi vinapozaliana. Mwingine huvinasa visisambae mwilini. Virusi navyo vina silaha ya kumwondoa mlinzi. Lakini silaha inayomwondoa mlinzi wa tumbili mara nyingi haimwezi mlinzi wa binadamu. Ni kama mpini wa jembe. Haukai kwenye shoka.

Hata hivyo, virusi hubadilika. Virusi vya sokwe wa Kameruni viliingia kwa watu, huenda kwa damu ya mawindo. Vikapata silaha ya kuwaondoa walinzi wetu. Ndivyo vilivyoleta UKIMWI, ambao sasa huenea kati ya watu wenyewe. Nchini kwetu wagonjwa wa kwanza waligunduliwa Kagera mwaka 1983.

Basi, tusivipe virusi vingine nafasi. Usichune tumbili wala nyani. Usiguse damu yao wala mizoga yao. Ukiumwa na tumbili, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo.