Kizingiti cha Ziwa

Mvua kubwa ikinyesha Mwanza, sisi wa Mabatini tunapata maporomoko ya maji bila kufunga safari. Maji hushuka kwenye mawe ya mlimani, yakapita katikati ya nyumba na nyumba, yakazoa mchanga, mifuko na ndala za watoto, kisha yakaangukia Mto Mirongo na kukimbilia Ziwa Victoria. Mvua ikikatika, haipiti saa moja mawe yameanza kukauka, na waliobaki na kazi ni wale walioingiliwa na maji ndani, wanakumba tope kwa mabeseni.

Siku moja baada ya mvua ya namna hiyo, kijana wa jirani alinikuta barazani. "Shikamoo mzee. Hivi Ukerewe kuna maporomoko ya maji? Tunataka kwenda kutembea na wenzangu." Nilimjibu kwamba Ukerewe kuna fukwe, kuna mawe ya kupanda na kuna machungwa, ila hakuna mto mkubwa wa kuporomoka. Nikamwambia pia kwamba maporomoko yanayotuhusu zaidi sisi watu wa ziwa hili hayaonekani tena, na kwamba bado inafaa kuyafuata.

Nilikuwa nazungumzia Jinja, ng'ambo ya kaskazini, ziwa linapotoka na kuwa Mto Nile. Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili mara ya kwanza Agosti 1858, akiwa upande wetu huu wa Mwanza. Tarehe 28 Julai 1862 alisimama Jinja, akayapa maporomoko jina la Ripon, kiongozi wa jumuiya ya wanajiografia iliyomtuma. Wenyeji walikuwa na majina yao siku zote: mto wanauita Kiyira, na jina Jinja lenyewe linatokana na jiwe. Kwa kukisia kwake Speke, maji yalianguka futi 12 tu, kwa upana wa futi 400 hadi 500. Ni zaidi kidogo ya kimo cha mtu aliyesimama mabegani mwa mwenzake. Anayependa maporomoko kwa urefu wake angeyapita bila kugeuza shingo.

Lakini nyuma ya futi hizo 12 kulikuwa na ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Mwamba ule ulikuwa kizingiti cha mlango. Ziwa likijaa, maji mengi zaidi yaliruka kizingiti. Likipungua, yakaruka machache. Hapakuwa na mtu wa kufungua wala kufunga. Kimo cha maji pale Kirumba mwaloni, mahali mitumbwi inapofungwa na dagaa wanaposhushwa, kilikuwa kinaamuliwa na jiwe lililoko Uganda.

Mwaka 1954 jiwe hilo liliachishwa kazi. Kilomita chache chini yake lilijengwa bwawa la umeme la Owen Falls, leo Nalubaale, na Malkia Elizabeth wa Pili akalifungua mwezi Aprili. Mwamba wa Ripon ulichimbwa, kisha maji ya bwawa yakaufunika. Kuanzia hapo kizingiti kikawa milango ya chuma, na mlango wa chuma una mtu anayeushika.

Waliojenga walilijua hilo, wakakubaliana hesabu: ziwa likiwa kwenye kimo fulani, bwawa litoe maji kiasi kilekile ambacho mwamba ungekiachia. Nimesoma habari nyingi za mito na mabwawa, na sijakutana na jambo lililonigusa kama hili. Maporomoko yameshazama, lakini desturi yake imeandikwa kwenye karatasi ili ifuatwe.

Haikufuatwa siku zote. Miaka ya 2005 na 2006 ukame uliingia wakati umeme unahitajika sana, na kituo cha pili, Kiira, kilikuwa kimeshajengwa kando ya kile cha kwanza. Maji yalitolewa kupita hesabu ile. Ziwa likashuka hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Kwenye mialo maji yalirudi nyuma, na mahali pa kutia nanga pakageuka tope. Ukame ulikuwa na sehemu yake katika hilo, na mkono wa binadamu ulikuwa na sehemu yake. Mwaka 2020 ikawa kinyume chake: baada ya mvua nyingi ziwa lilivuka kimo cha juu kabisa kilichowahi kupimwa, likaingia majumbani mwa watu wa pwani katika nchi zote tatu zinazolizunguka.

Yapo maporomoko mengine kwenye mlango wa kuingilia, nayo bado yanaonekana. Ni Rusumo, Mto Kagera, mpakani mwetu na Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja wakikimbilia Tanzania. Chini ya daraja hilo mto ulikuwa unapitisha miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, na miili hiyo ilifika ziwani. Wengi kando ya ziwa waliacha kula samaki kwa muda. Sasa pale pana mitambo ya umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Umeme tunauhitaji, sipingi mitambo. Ninachopinga ni mtu kusimama darajani, akajipiga picha na kuondoka bila kujua maji yale yamebeba nini na yanaelekea kwa nani. Yanaelekea kwetu.

Kijana yule bado anachangisha nauli na wenzake. Nimemshauri Ukerewe waende mwaka huu, Jinja mwakani, kwa barabara ya Bukoba, Mutukula na Kampala. Na wewe msomaji wa Mwanza, Musoma au Bukoba, ukipata nafasi nenda. Panda mtumbwi wa watalii pale mto unapoanza, umwombe nahodha azime mashine mahali ziwa linapogeuka kuwa mto, uyatazame maji yanavyoondoka. Kisha uliza swali moja, ambalo kila anayekunywa maji ya ziwa hili ana haki ya kujibiwa: leo milango imefunguliwa kiasi gani?