"Nimeshiba": hulka na ubongo wa kijana anayekataa kula

Fikiria bweni moja pale Makambako. Kengele imelia, ugali na maharage vinapakuliwa, foleni ni ndefu. Yeye anasema, "Nimeshiba." Darasani ni wa kwanza, daftari lake halina hata neno lililofutwa, na kila wiki sketi inazidi kumlegea. Matroni anahisi vidonda vya tumbo. Nyumbani Njombe, bibi anasema karogwa. Wewe ungesemaje?

Kwetu lishe ikitajwa tunawaza udumavu, na si makosa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, ingawa mahindi, viazi na maparachichi tunayo. Ndiyo maana tunaona anoreksia, yaani kujinyima chakula hadi kudhoofika, ni ugonjwa wa Wazungu wanaotaka wembamba.

Sasa sikia hili. Utafiti uliochapishwa 2004 ulipima wanafunzi wa kike 668 wa sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Kumi walikuwa wamekonda sana kwa sababu moja tu: kujinyima chakula. Hawakuhofia unene. Walizungumzia dini, kujitawala na kuishinda njaa.

Kwa hiyo sababu inayotajwa hubadilika na mahali. Kinachojirudia ni hulka: wasiwasi tangu utotoni, kuogopa kukosea, kutaka kila kitu kiwe kamili. Hulka hiyo si ugonjwa, wengi wanayo na wanakula vizuri tu. Ila huandaa njia, na kiasi fulani cha hatari hii hurithiwa.

Kwenye ubongo inakuwaje? Mimi na wewe tukiwa na njaa, ubongo huongeza mvuto wa chakula. Kwa wengi wenye anoreksia, ongezeko hilo ni dogo, na kula kunawaletea hofu. Asipokula, hofu inatulia kidogo, basi kesho anarudia. Balehe, wakati ubongo bado unajengeka, ndipo mengi haya huanzia.

Kisha njaa yenyewe inaongeza matatizo. Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 waliojitolea, wenye afya njema, walipunguziwa chakula kwa takriban miezi sita. Wakawa wanawaza chakula usiku na mchana, wakajitenga, wakawa na huzuni na hasira. Maana yake, sehemu ya "ukaidi" unaouona kwa yule binti ni njaa inayosema.

Habari njema ni kwamba tabaka la juu la ubongo, ambalo hupungua unene mtu akidhoofika, hurudi kwa sehemu kubwa uzito ukirudi. Chakula ni sehemu ya dawa. Lakini usisubiri: anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi.

Basi ukimwona, usimwambie anaringa, wala usimchape. Mpeleke hospitali apimwe magonjwa mengine pia, na umweleze daktari waziwazi: "Chakula kipo, lakini hali."